Ardhi Iliyofundishwa Kunywa

Mzungu aliyesimamia shamba la mkonge nje ya Kilosa hakutaka vibarua wake wanywe pombe. Kwa miaka ishirini na mitatu alipita nyumba kwa nyumba, akiwanyang'anya wanawake mitungi yao na kuimwaga mahali pamoja, mbele ya stoo ya mkonge. Alidhani anafundisha watu. Kumbe aliyekuwa akijifunza ni ardhi.

Uhuru ulipokuja alifunga virago akaenda kwao, ardhi ikabaki na kiu. Mwaka uliofuata Filipo, fundi baiskeli, alipita mbele ya stoo akiwa amelewa, jua la mchana linawaka, na watu wanne wakamwona akizama kama mwiko kwenye uji. Walichimba siku mbili wakapata kiatu kimoja. Wakasema ni mto Mkondoa unaopita chini kwa chini. Watu wakishindwa kueleza jambo husingizia maji.

Hildegarda, mke wa Timotheo, hakusingizia maji. Alipika pombe ya mtama akaimwaga pale kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima zote. Ikatuama mpaka nzi wakajaa. Wiki ileile akazama mlevi wa pili. Ndipo akaelewa kwamba mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi: ardhi ile haikutaka cha kupewa, ilitaka cha kunyang'anywa.

Na mumewe alikuwa mlevi, tena wa mchana. Hildegarda alimpenda hivyohivyo. Sina maelezo zaidi. Alipomkataza kupita pale, Timotheo alicheka, akasema ardhi yote sasa ni ya taifa.

Basi akatafuta mtu wa kumnyang'anya yeye pombe yake. Mwaka sabini na nne kijiji cha ujamaa kiliwekwa palepale, stoo ikawa ofisi, na pombe ikapigwa marufuku saa za kazi. Hildegarda akawa anapika asubuhi, mlango wazi, moshi unaonekana hadi barabarani. Kila wiki mgambo walichukua mtungi na kuumwaga mbele ya ofisi, na ardhi ikafyonza. Wanakijiji walimcheka: mwizi gani anajipigia yowe? Lakini miezi tisa ikapita bila mtu kuzama.

Mwezi wa kumi akaja mwenyekiti mpya, Mathayo, mtu mwema sana. Wema huo ndio ulioleta balaa.

Mgambo walipomletea mtungi, aliinua mkono. "Kumwaga nafaka ya mkulima ni tabia ya mkoloni," alisema. "Kazi ya leo imekwisha. Tutakunywa wote, hapahapa."

"Ndugu mwenyekiti, nakuomba uimwage," alisema Hildegarda. "Nimevunja sheria."

"Umesamehewa, mama."

Watu wakapiga makofi. Kata ya kwanza alipewa Timotheo, kwa heshima ya mpishi. Akaimaliza bila kupumua, akajaziwa ya pili. Udongo chini yake ukalegea. Hildegarda aliona vidole vya miguu vikitoweka, kisha vifundo.

"Mama Regina, mbona unaniangalia hivyo?" aliuliza mumewe.

Pombe haikuwa yake tena. Mwenyekiti alikwisha kuifanya mali ya wote, kwa hiyo ilinyang'anyika. Hildegarda alimpokonya mumewe kata, akamsukuma mwenyekiti, akapindua mtungi mzima. Ardhi ikanywa mpaka tone la mwisho, na miguu ya Timotheo ikaachiwa.

Asante ya punda mateke. Wote waliona mwanamke aliyemwaibisha mumewe mbele ya kijiji. Timotheo mwenyewe alisema amekanyaga tope tu, akakunja mkeka wake, akahamia Mikumi.

Hildegarda hakupika tena. Kila wiki alishika fimbo, akapita nyumba kwa nyumba kunyang'anya mitungi ya wanawake wenzake. Watoto walikimbia wakimwona.

Siku moja dereva wa lori aliyetoka Mikumi alisimama kijijini. Hildegarda akamuuliza kama anamfahamu mumewe, Timotheo.

"Nani asiyemfahamu? Anauza mahindi ya kuchoma barabarani. Analewa kila siku, na akilewa anakutukana wewe."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Hildegarda alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akamshukuru dereva, akachukua fimbo yake, akaenda kwa Agnesi kunyang'anya mtungi.