Kipande cha Mashine ya Mama Bertilla

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa fundi pekee wa mashine ya kukereza vyuma katika karakana ya Mama Bertilla, hapa Sumbawanga, barabara ya kwenda Mollo. Shule niliishia darasa la tano, lakini nipe chuma nikukerezee mpaka uone sura yako. Halafu akaja Loth.

Loth ana miaka ishirini na saba, amesomea Mbeya. Ana adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana mtu mwenye adabu utamchukia vipi mbele za watu? Kila asubuhi: "Shikamoo, fundi." Namjibu marahaba. Mwezi huohuo Mama Bertilla alitangaza kwamba anahamia kwa binti yake Dodoma, na karakana itahitaji msimamizi. Hakutaja jina. Mimi nilidhani hakuna haja ya kutaja.

Mashine yetu ina kitanda, yaani reli nene za chuma ambazo kibebea kisu hutembea juu yake. Karibu na kichwa cha mashine, chini ya pale kazi inapofungwa, kuna kipande cha kitanda ambacho kimeshikwa na bolti nne na pini mbili. Ukikitoa linabaki pengo, na kitu kipana kinapata nafasi ya kuzunguka. Marehemu mume wa Mama Bertilla aliniambia nisikiguse. "Kikitoka, hakirudi sawasawa." Basi sikukigusa. Kazi pana zikija, niliwaambia watu waende Mbeya.

Siku moja alikuja Timoth, mwenye mashine ya kusaga kule Chala, na puli, lile gurudumu la kuvutia mkanda, kubwa kama sinia la harusi. Nikamwambia hapa haiingii.

"Fundi," Loth akasema polepole, "tukitoa kipande si itaingia?"

"Kikitoka hakirudi."

"Kinarudi, fundi. Kinataka usafi tu."

Mama Bertilla alikuwa mlangoni na khanga yake begani. "Kitoe tuone," akasema.

Loth akakitoa. Alivuta pini kwanza, kisha bolti, tukakibeba wawili na kukilaza kwenye gunia karibu na ukuta. Alifunga puli, akaikereza taratibu, na kazi niliyoikataa miaka kumi na tisa ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Mke wangu Jenifa alikuwa ameleta ugali. Akasimama na bakuli mkononi.

"Kumbe mashine hii inaweza hivi?"

Miaka yote hiyo analeta chakula pale, hajawahi kusimama kuniangalia mimi. Ugali ule sikuumaliza.

Kesho yake Loth alikwenda Chala kuifunga ile puli. Kipande kikabaki kwenye gunia. Nilikuwa nakunywa chai upande wa pili alipoingia Masalu, Msukuma mmoja mwenye ng'ombe wengi, ambaye hutuletea plau zake tuzichomelee. Alikuwa na chuma cha plau kilichopinda. Akatazama huku na huku, akaona kipande chetu kimelala pale, kizito, kimenyooka, akaona amepata fuawe. Akaweka chuma chake juu, akachukua nyundo yetu, akaanza. Nga! Nga! Nga!

Ningeweza kupiga kelele. Neno moja tu lingetosha. Nilipuliza chai yangu.

Alipoondoka nikaenda kukiangalia. Kipande kilikuwa kimelazwa tumbo juu, na kwenye uso unaokalia mashine palikuwa na jeraha dogo, ukingo wake umeinuka kama upele. Kwa macho huwezi kuliona vizuri. Kwa kidole unalisikia. Nikafuta kidole changu kwenye suruali.

Siku ya pili akaja Yonas kutoka Kipili. Boti lake la mizigo lilikuwa limekaa ufukweni, shafti ya pangaboi imekatika, na alitaka mpya upesi. Shafti ni ndefu, haikerezwi bila kipande kuwa mahali pake. Loth bado alikuwa Chala, akanipigia simu.

"Fundi, kirudishe tu. Kifute kwa mafuta ya taa, pitisha kidole, kisha funga. Wewe nakuamini."

Nilikifuta. Kidole sikupitisha. Nilikifunga kwa nguvu zangu zote, nikaweka chuma chakavu cha kujaribia, nikamwita Mama Bertilla. Kibebea kisu kilipofika kwenye maungio kikaruka, na chuma kikatoka na ngazi ambayo hata mtoto angeiona.

"Si nilisema?" nikamwambia. "Kikitoka hakirudi. Kijana ametuharibia mashine."

Nitasema ukweli, nilijisikia vizuri. Yonas alishika kichwa. Mama Bertilla alimpigia Loth simu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

Loth alifika alasiri, vumbi la lori mpaka kwenye kope. Hakubishana na mtu. Alifungua bolti, tukakigeuza kipande, akapitisha kidole gumba. Kidole kikasimama.

"Hapa pamepigwa nyundo," akasema. "Nani alikuwa humu?"

Nikajifanya nafuta bolti. Na ndipo Masalu akaingia, chuma kingine cha plau begani, anacheka.

"Hamjambo mafundi! Kile chuma changu cha kugongea kiko wapi? Kile cha jana kilininyooshea vizuri sana, nimeleta na kingine."

"Kipi, Masalu?" Mama Bertilla akauliza.

"Si hicho hapo!" Akaelekeza kwa kidevu. "Loo, mbona mnanitazama hivyo? Mimi ningejuaje? Baba Angela huyu alikuwa pale anakunywa chai, hakunikataza."

Mama Bertilla akanigeukia. "Baba Angela. Ulimwona?"

Ningeweza kusema sikumwona. Masalu ni mgeni tu, neno lake na langu, wangechukua langu. Lakini Loth alikuwa ananitazama kana kwamba ananisubiri niseme sikuona, ili aniamini.

"Nilimwona," nikasema.

Yonas akaguna. "Basi mimi boti langu linalala ufukweni kwa sababu ya roho yako, mzee?"

Loth alichukua jiwe la kunolea, akalidondoshea mafuta, akaanza kusugua ule upele kidogo kidogo. Kisha akanishika mkono, akaweka kidole changu juu ya jeraha. "Umesikia? Bado." Akasugua tena. "Sasa?" Palikuwa laini. Akanionyesha cha kutangulia, pini kabla ya bolti, kama anavyofundishwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Tulipojaribu, kisu kilipita kwenye maungio bila kutikisika.

"Shafti ni kazi yako, fundi," akasema. "Maliza."

Niliikereza. Sijawahi kukereza shafti iliyonyooka namna ile. Yonas aliichukua bila kunishukuru.

Jumamosi Mama Bertilla alimpa Loth funguo. Nilisikia kwamba Mama alitaka nihamishiwe kwenye kutoboa vyuma, na Loth akamwomba niachwe kwenye mashine yangu. Hata hilo nililipata kwa mkono wake.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ile baridi yetu inayokata masikio. Loth alikuja, akafungua mlango, akapita mbele yangu.

"Habari za asubuhi, Clemens."

"Marahaba," nikajibu, kwa mazoea.