Ukuta Usiofika Kwenye Mabati

Mfuko wa serikali ulipokuja Tororo kujenga nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, ukalipenda shamba langu. Wakafyeka wimbi, nafaka yangu ya uji, wakabomoa nyumba yangu, wakaniahidi chumba kwenye jengo lao la matofali. Bwana Pargeter, msimamizi wa mfuko, alisimama juu ya wimbi langu akatangaza kwamba serikali inatujali. Hata hajameza mate, akaongeza kwamba mfuko lazima upate faida, kama duka lolote.

Kwa ajili ya hiyo faida wakabana matofali. Jengo lilikuwa moja refu, vyumba vimepangana kama mabehewa, na kuta za kati ziliishia kichwani pa mtu mrefu. Juu yake kulikuwa wazi mpaka kwenye mabati. Wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha mwisho anampa pole.

Siku ya funguo, Matayo, karani wa mfuko, Msamia wa Busia, alinijia meno nje.

"Mama Akiteng, Bwana amekufanyia wema. Jirani yako ni Ochen."

"Ochen gani?"

"Mume wa binti yako Amulen. Bwana anasema familia ikae pamoja."

Nikamrudishia ufunguo.

"Matayo, umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mama mkwe wako akivua nguo usiku, wewe unamsikia?"

"Aaa, mama! Tusifike huko!"

"Bwana wako ameshatufikisha."

Kwetu Wateso, mama na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Ochen mwenyewe aliponiona siku ile alijibanza nyuma ya lori la saruji, akabaki huko mpaka nikaondoka. Kijana ana adabu.

Nilikwenda kwa Bwana Pargeter, Matayo akitafsiri. Nikaomba chumba kwenye jengo jingine. Akasema jengo jingine litajengwa hili likishaleta faida. Nikaomba basi ukuta upandishwe mpaka juu.

"Anasema ukuta ukipanda, kodi inapanda," Matayo akasema.

"Mwambie nimeelewa. Serikali inatujali, lakini mwisho kichwani."

Hiyo Matayo hakuitafsiri.

Nikawa nalala jikoni kwa Agwang, jirani yangu wa zamani, nikingoja wabadili nia. Hawakubadili. Wakaja wageni kutoka Entebbe kukagua, na Bwana Pargeter akataka picha: mama, binti na mkwe, waliounganishwa na mfuko. Akamweka Ochen chumbani bila kumwambia kitu, kisha akaniita mlangoni. Ochen alisikia sauti yangu tu. Akaruka dirishani, akaangukia beseni la nguo la Amulen, akakimbia na povu mpaka kiwandani.

"Amefanya kosa gani huyo?" mgeni mmoja akauliza.

Nikaeleza mila yetu, na safari hii Matayo alitafsiri yote. Yule mgeni akamwambia Bwana Pargeter aongeze matofali basi. Bwana Pargeter akajibu kwamba hesabu zilishapitishwa. Wakanywa chai, wakaondoka.

Wiki hiyo Ochen akahama, na wengine wakafuata. Nani angekaa mahali ambapo mkwewe hawezi kuja kumwona mjukuu? Nikadai nguzo za nyumba yangu ya zamani. Mafundi walikuwa wamezifanya jukwaa la kusimamia, zikarudi na madoa ya saruji. Kaka yangu Edimu alinipa kipande cha ardhi Osukuru. Nikasimamisha nguzo zile zile, nikakandika ukuta mwenyewe, nikaupandisha mpaka ukagusa nyasi za paa. Ochen alijenga ng'ambo ya mihogo yangu. Ana mlango wake, nami nina wangu.

Mfuko nao ulipata faida yake. Vyumba alivikodi mnunuzi wa pamba, akavijaza magunia mpaka juu ya kuta. Matayo alipopita Osukuru alinisimulia jinsi Bwana Pargeter anavyomsifu mpangaji huyo: hana lalamiko hata moja.

"Atalalamikaje?" nikamwambia. "Pamba haina mama mkwe."