Kijiti Kilicholiwa Waya

Fundi rangi alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulibaki umelala kama si wake. Hospitalini alipewa kijipira cha kuminya, akakitupia uvunguni mwa kitanda. Mkewe hakubishana naye. Alitoa kabatini mashine ya michezo ambayo binti yao aliiacha alipoolewa, akaiunganisha na televisheni. Kulikuwa na mchezo wa kupasua maputo: unaelekeza rimoti kwenye skrini, unalenga, puto linapasuka. Mume alianza kwa kununa. Baada ya wiki chache akawa anauinua mkono hadi kifuani bila kubembelezwa.

Kisha panya wakala waya wa kijiti cheusi cha mashine hiyo, kilichokaa juu ya televisheni, na alama ya kulengea ikatoweka kwenye skrini. Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani. Mkewe alizunguka madukani, kijiti cha namna ile hakikupatikana.

"Basi, ndiyo imekwisha," alisema fundi, akageukia ukuta. Mkewe aliiogopa sauti ile kuliko ugonjwa.

Akamwita mdogo wake, ambaye kazi yake ni kufunga redio kwenye magari.

"Shemeji, nasikia panya wamekushinda," alisema mdogo mtu akiingia.

"Panya wa humu wamerithi tabia za ukoo wenu," alijibu fundi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Shemeji alikifungua kijiti, akachungulia ndani, akacheka. "Dada, hiki hakiongei na mashine hata kidogo. Ni taa tu, huku na huku, za mwanga usioonekana kwa macho. Rimoti ndiyo inayoziona. Mashine inakipa umeme, basi. Na taa haiulizi umeme umetoka wapi."

Akaomba chaja ya simu isiyotumika. Alikata waya wake, akaumenya, akaufunga kwenye ule wa kijiti kwa utepe mweusi. Akachomeka ukutani. Alama haikurudi kwenye skrini. Fundi alishusha pumzi.

"Subira, shemeji. Huenda nimezigeuza nyaya." Alichomoa, akazibadilisha, akachomeka tena, kisha akakielekezea kijiti kamera ya simu yake.

Kwenye simu zilionekana nukta za zambarau, ziking'aa kwenye ncha zote mbili za kijiti. Fundi alitazama simu, akatazama kijiti, akarudi kwenye simu. Kwa macho matupu kijiti kilikuwa cheusi tii.

"Kumbe zipo," alisema taratibu.

"Zipo. Umeme wa chaja ni mdogo kidogo, kwa hiyo sogea karibu."

Alama ya kulengea ilirudi kwenye skrini, ikitetemeka pamoja na mkono wake. Alipasua maputo ya chini, akapumzika, akapasua ya katikati. Halafu aliuma meno, na mkono ukapanda, ukapita kifua, ukapita bega, hadi puto jekundu la juu kabisa likapasuka. Mkewe alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nipishe na mimi nijaribu," alisema baadaye.

"Ngoja kwanza," mumewe akamjibu, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Huoni watu tuko kazini?"