Mgawo wa Nyara

Aneth alipokuwa mwaka wa tatu wa ualimu wa kompyuta chuoni kule Chimwaga, yeye na wenzake wanne walikuwa na mchezo wao wa kompyuta, walioutunga wenyewe kuanzia mstari wa kwanza wa programu. Waliuita Ngome. Humo mtu hakufika popote peke yake. Wachezaji watano, kila mmoja kwenye kompyuta yake, waliingia pamoja kupitia mtandao, wakavamia ngome na kupambana na jitu lililoilinda. Likianguka, nyara zote zilikuwa zao. Baada ya miezi michache wanafunzi wa vitivo vingine nao walishaanza kuucheza, na Jumamosi mchana, umeme ukiwepo, maabara ya kompyuta ilijaa viatu mlangoni.

Castory, kijana mwenye akili nyingi na ulimi mkali, alikuwa ametoa kompyuta yake iwe seva, mashine iliyouendesha mchezo wote. Aneth ndiye aliyeandika kanuni, na kanuni ya nyara ilikuwa fupi: aliyelipiga jitu sana kuliko wote alipata kile kitu bora kuliko vyote, na wengine wakagawana mabaki. Aliipenda kwa sababu ilihesabika. Hakuna aliyeweza kuibishia.

Katika kundi lao Mwanasha, binti mpole wa Kondoa, alikuwa tabibu. Hakushika upanga. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya wenzake, kuwawekea kinga na kuwarudishia uhai walipojeruhiwa. Yeye na Aneth walikuwa wamekaa chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, mpaka Mwanasha alipohamia kwa mama yake mdogo, mtaa wa Ipagala.

Jitu la ngome ya saba liliwashinda wiki sita mfululizo. Jumamosi ya wiki ya saba likaanguka. Watu walipiga kelele, Methusela akapanda juu ya kiti. Kisha nyara zikajitokeza kwenye vioo vyao: fimbo ya uzima, kitu ambacho kilimfaa tabibu tu. Chini yake paliandikwa jina la Castory.

"Castory, naomba hiyo fimbo," Mwanasha alisema. "Kwako haina kazi."

"Haina kazi? Nikiiyeyusha, upanga wangu unapanda ngazi mbili."

"Nimeisubiri tangu tuanze."

"Dada, usiombeombe. Pigana na wewe upate chako."

Methusela alicheka. Mwanasha alimgeukia Aneth. Chumba kizima kikamgeukia Aneth.

"Kanuni ndiyo hiyo, Mwanasha," Aneth alisema, macho yake yakiwa kwenye kibodi. "Mfumo ndio uliogawa. Si mtu."

"Na mfumo kauandika nani?"

Castory akabonyeza kitufe, na ile fimbo ikayeyuka. Mwanasha alifunga mchezo taratibu, akachukua mkoba wake, akavaa viatu mlangoni na kuondoka bila kuaga.

Bila yeye walishindwa Jumamosi tatu. Walimjaribu tabibu mmoja, wakamjaribu mwingine, kila mara wakaanguka wote kabla jitu halijapoteza hata nusu ya nguvu zake. Ndipo Aneth akabadilisha kanuni, na ukweli ni kwamba hakufanya hivyo kwa majuto. Alikuwa amechoka kushindwa. Aliamua nyara zigawiwe kwa bahati, kila mtu awe na nafasi sawa na mwenzake. Jumamosi iliyofuata walirudi kwenye ngome rahisi ya tatu. Methusela alisimama langoni mwanzo hadi mwisho akimenya karanga, hakurusha hata jiwe, na jitu lilipoanguka upinde wa dhahabu ukaenda kwake.

"Hii ndiyo haki yako?" Castory alimuuliza Aneth. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kejeli. "Mimi nimepigana, huyu amekula karanga."

Aneth alijua kwamba hapo Castory ana hoja.

Kesho yake, baada ya ibada, alirudi maabara peke yake na kufungua kumbukumbu za seva. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa: kila pigo, kila jeraha, kila uhai uliorudishwa. Mashine ilikuwa imeyashika yote, ni yeye tu ambaye hakuwahi kuiuliza jambo lolote zaidi ya nani kapiga sana. Alisoma pambano la ngome ya saba. Castory alikuwa amekaribia kufa mara thelathini na moja, na mara zote thelathini na moja alirudishwa na mkono mmoja, wa Mwanasha. Alitafuta nyara ambazo Mwanasha alipata katika mapambano arobaini. Kofia kuukuu mbili na kiatu cha mguu wa kushoto.

Alikaa akiitazama orodha ile mpaka kioo kikajizima. Alikumbuka alivyokwepa macho ya rafiki yake, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Aliandika kanuni ya tatu kwa siku nne. Kila aina ya kazi ilipewa uzito wake: kupiga, kupokea mapigo, kuponya. Kitu kingeenda kwa mwenye kazi inayokihitaji, na aliyepata leo angewapisha wenzake mara inayofuata. Alipoimaliza aliichapa kwenye karatasi mbili, akaenda nayo Ipagala.

Mama mdogo alikuwa uani akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetupotea! Mwenzako yupo ndani, anapiga pasi."

Mwanasha aliweka pasi pembeni, akasoma karatasi zote mbili akiwa amesimama. Alisoma kama alivyofanya kila kitu, bila haraka.

"Umenipimia kwa uhai niliourudisha," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Sasa fikiria. Nikimwekea mtu kinga mapema, haumii. Asipoumia, hakuna cha kurudisha. Kwa hiyo siku nitakayofanya kazi vizuri kuliko zote, kanuni yako itasema sikufanya kitu."

Aneth aliichukua karatasi, akaitazama kama imeandikwa na mtu mwingine. "Hilo sikuliona."

"Hesabu na pigo lililozuiwa." Mwanasha akarudi kwenye pasi yake.

"Utarudi Jumamosi?"

"Hapana."

"Hata nikirekebisha?"

"Rekebisha, wengine watafaidi. Mimi sikuondoka kwa sababu ya fimbo, Aneth. Niliambiwa nisiombeombe, na wewe ulikuwepo."

"Naomba unisamehe. Siyo kwa kanuni. Kwa siku ile."

"Nimekusamehe," Mwanasha alisema, na ilionekana kweli amesamehe. Lakini hakuinua macho kutoka kwenye gauni alilokuwa akilinyoosha, na Aneth akaelewa kwamba kusamehewa na kurudishiwa mahali pako ni mambo mawili.

Castory alipoiona kanuni mpya aliikataa, akabeba kompyuta yake na kuondoka. Mchezo ulilala mwezi mzima, hadi Dokta Evarista, mhadhiri wao, alipowaruhusu kutumia mashine moja ya zamani ya idara. Uliporudi, wachezaji walikuwa wachache, ila wale waliokuja walikaa. Hata Methusela alijifunza kubeba ngao.

Siku Aneth alipoutetea mchezo huo kama mradi wake wa mwisho, Dokta Evarista alimuuliza, "Hili la kuhesabu pigo lililozuiwa umelitoa wapi?"

"Kwa Mwanasha, tuliyekuwa tukicheza naye. Nilikosea mara tatu kabla sijamsikiliza."

Mitihani ilipokwisha Aneth alimkuta Mwanasha stendi akisubiri basi la Kondoa. Alimsaidia kupakia sanduku. Walizungumza habari za mvua, za mama mdogo, za shule ambazo huenda wangepangiwa kufundisha. Habari za Ngome hazikutajwa. Kondakta alipoita abiria, Mwanasha alimshika mkono kidogo, akapanda, na kuketi upande wa pili wa basi, ambako Aneth hakuweza kumwona.