Shemeji, Onja

Ulimi alikuwa akisema hana wivu, na alilisema hilo karibu kila siku, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtilia shaka. Jina hilo la Ulimi alibandikwa na wenzake wa baa. Mpe kinywaji chochote, atakuambia limau lilikamuliwa leo au jana, na barafu ilikuwa safi au ilikaa jirani na samaki kwenye friji. Miaka minane alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya mgahawa wa Kiitaliano juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na mbili, mahali ambapo watu hupanda kwa lifti wakiwa wamevaa viatu vya kuwabana, ili wale tambi na kuyatazama magari yakiwa madogo huko chini. Kokteli yake ya chungwa na divai chungu, aliyoiita Paa Jekundu, ndiyo iliyoongoza orodha ya vinywaji, na nafasi hiyo aliihesabu kuwa mali yake.

Kisha akamleta shemeji yake kazini.

Alimleta mwenyewe, hakuna aliyemshikia fimbo. Mdogo wa kike wa mke wake alikuwa amekaa nyumbani kwao mwaka mzima bila kazi, akila, akicheka na kumaliza maji ya moto, Ulimi akaona heri amtafutie shughuli. Akamfundisha kuchonga barafu kwa kisu, kupika shira ya sukari isiwe nzito wala nyepesi, na kuponda majani ya mrihani bila kuyatia uchungu. Shemeji akafundishika. Akafundishika mpaka ikawa kero.

Wageni walianza kumwulizia. Walikuwa wakipita mbele ya Ulimi, wakimsalimu kwa heshima zote, kisha wanauliza, "Yule dada yupo leo?" Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Mdogo wangu ana mkono, jamani," mke wake alisema siku moja akimpakulia chakula. "Hata Madam, bosi wenu, amemsifia mbele ya watu."

"Na huo mkono alifundishwa na nani?"

"Na wewe, baba. Nani amekataa?"

Aliyasema hayo kwa sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeanguka, na Ulimi akashindwa kumaliza chakula. Usiku ule alijiambia tena kwamba yeye hana wivu, ila tu hapendi kelele mezani.

Basi mkuu wa baa akapata kazi kwingine akaondoka, na Madam, mwenye mgahawa, akawaita wawili hao ofisini. Madam hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumamosi saa kumi alasiri, kabla milango haijafunguliwa, kila mmoja alete kinywaji kipya. Yeye na mpishi mkuu wataonja. Kitakachowapendeza zaidi kitapanda juu ya orodha, na aliyekichanganya ndiye atakuwa mkuu wa baa.

Ulimi alitoka mle ofisini akipiga hesabu. Akishindwa, mdogo wa mke wake ndiye atakayempangia zamu. Akitaka ruhusa ya kwenda msibani, itabidi aiombe sebuleni kwake mwenyewe, mwenye kuitoa akiwa amelala kwenye kochi lake na rimoti mkononi.

Sasa, pale kaunta palikuwa na sheria moja ambayo hata Madam hakuthubutu kuivunja. Kinywaji hakitoki mpaka kionjwe na mtu mwingine, ambaye hakukichanganya. Unachovya mrija, unaziba tundu la juu kwa kidole, unadondosha tone ulimini, unatoa hukumu. Ulimi mwenyewe ndiye aliyeileta sheria hiyo, baada ya mtu mmoja kujaza maji ya chumvi ya jikoni kwenye chupa ya shira na bibi harusi kuyanywa mbele ya wakwe zake. Na kila mtu aliyefundishwa naye aliambiwa neno hilohilo: ukishaonja mara nyingi, ulimi wako umechoka, usiuamini tena. Mwamini anayekuonjea.

Jumamosi ilipofika, shemeji alikuwa kazini tangu asubuhi. Alikuwa amesaga nyanya mbivu na kuzitundika kwenye kitambaa tangu jana yake, zikidondosha maji tone kwa tone, maji meupe kabisa ambayo ukiyatazama unasema ni ya bomba, ukiyaonja unakutana na nyanya nzima. Akaweka vodka kidogo, limau, mrihani, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na shira kiasi cha kulainisha tu. Ulimi alikuwa ameshamaliza chake, cha peasi iliyochomwa juu ya makaa, nacho shemeji alikionja akafumba macho.

"Shemeji, hiki umeua," alimwambia, na hakuwa akimpaka mafuta. Kisha akasogeza glasi yake. "Haya, shemeji, onja na changu."

Ulimi akachovya mrija. Nyanya ilikuja kwanza, ikafuata harufu ya mrihani, chumvi ikapita kwa mbali, halafu kikaisha safi, kikakuacha unataka tena. Alitafuta kasoro kama mtu anayejipapasa mifukoni kutafuta ufunguo, mfuko huu, mfuko ule, hakuna. Akachovya mara ya pili, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Hapakuwa na cha kuongeza wala cha kupunguza, na chake cha peasi hakikufua dafu.

Wivu ulimpanda kutoka tumboni hadi masikioni. Hakuweza tena kuuita jina lingine.

"Vipi?" shemeji akauliza.

"Kimekaa kikali," Ulimi akasema. "Ongeza shira."

"Kiasi gani?"

"Kijiko. Weka viwili."

Shemeji akamtazama. "Mimi nilikiona kiko sawa."

"Umeonja mara ngapi tangu asubuhi?"

"Nyingi."

"Haya basi."

Akaongeza vijiko viwili, akakoroga. Hakukionja tena, maana ndivyo alivyofundishwa. Akamimina kwenye glasi mbili na kubeba trei hadi kwenye meza ya pembeni, ambako Madam alikuwa ameketi na mpishi mkuu, mwanamume mnene mwenye unga hadi kwenye viwiko.

Walianza na cha peasi. Madam akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kizuri. Kazi yako ya siku zote."

Kisha wakanywa cha nyanya. Midomo ya Madam ikabana. Mpishi mkuu akaiweka glasi chini na kujifuta kwa aproni.

"Nyanya zangu zimekuwa jamu," akasema kwa masikitiko.

"Nani alikuonjea hiki?" Madam akauliza.

Shemeji akachukua mrija kwenye trei, akachovya, akadondosha tone ulimini. Ulimi alimwona akielewa. Aliinua macho mara moja tu, akamtazama mume wa dada yake, si kwa hasira, ila kama mtu aliyekuta nyumba aliyoizoea imebadilishwa kufuli. Kisha akamgeukia Madam.

"Hakuna aliyenionjea, Madam. Nilichelewa, nikaona nikilete hivyohivyo."

"Hakuna? Na sheria ya hapa unaijua?"

"Naijua. Nimekosa, naomba unisamehe."

"Mtu anayevunja sheria siku kama ya leo, nitamwachiaje baa?" Madam akasimama na kumnyooshea Ulimi mkono. "Hongera, mkuu wa baa."

Ulimi aliushika mkono ule. Miaka minane alikuwa ameungoja, na sasa ulikuwa kwenye kiganja chake, una pete mbili na joto la kawaida. Pembeni yake shemeji alikuwa anakusanya glasi, anazipanga kwenye trei bila kugonganisha hata moja. Angemlaumu, Ulimi angepata la kujibu. Angelia, angembembeleza. Lakini kufichiwa aibu na mtu uliyemchimbia shimo ni jambo ambalo kifua chake hakikuweza kulibeba hata kwa dakika moja.

"Nilionja mimi," akasema.

Madam hakuuachia mkono. "Unasemaje?"

"Mimi ndiye niliyemwonjea. Kilikuwa kimekamilika. Nikamwambia aongeze shira ili kiharibike."

Mpishi mkuu akapiga mluzi mdogo.

"Kwa nini?"

"Wivu, Madam. Sina sababu nyingine."

Hapo ndipo Madam alipouachia mkono. Ulimi akajikaza kupokea matusi, au kufukuzwa, na ndani kabisa, tuseme ukweli, alitarajia pia mtu mmoja aseme angalau ameungama kiume. Lakini Madam hakuwa anamtazama yeye.

"Na wewe ulijua?" alimwuliza shemeji.

"Nilijua nilipoonja sasa hivi."

"Ukanyamaza, ukakubali lawama?"

"Ni shemeji yangu, Madam. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanileta hapa. Ningemwambia nini dada yangu?"

Mpishi mkuu akasema, "Eh, mama yako alizaa mtu," na macho yake yalikuwa na maji, mwanamume mzima. Madam akamwekea shemeji mkono begani, mkono uleule wenye pete mbili, akamwambia akachanganye kingine, bila haraka, kwa jinsi anavyojua yeye mwenyewe.

Akaenda kaunta akachanganya. Alipomaliza alimpelekea mpishi mkuu glasi na mrija, akapita mbele ya Ulimi bila kumpa.

Ulimi alibaki amesimama pale na mikono yake mitupu. Alikuwa amesema ukweli mbele ya watu, na haikuwahi kumwia vigumu kusema kitu kama siku ile, na bado wote watatu walikuwa upande wa pili wa meza, wameinamia glasi moja. Aliona jinsi walivyomwangalia shemeji yake. Hakuna aliyewahi kumwangalia yeye hivyo, si kwa Paa Jekundu, si kwa miaka yote minane. Na akajikuta, bila haya, anamwonea shemeji wivu hata kwa ule uongo aliousema ili kumfichia aibu.