Mbuzi Ishirini na Wanne wa Kasulu

Jumanne ya pili ya Septemba, mwaka 1976, Nestori Bihimba alishuka Kasulu kutoka kwenye basi la Kibondo akiwa na kalamu mbili, daftari jipya, nusu mkate na barua ya kumtambulisha. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kusoma na kuandika alianza akiwa na thelathini na miwili, kwenye darasa la jioni la elimu ya watu wazima, na utunzaji wa hesabu akajifunza jioni zilizofuata, mgongo ukiwa bado unauma kwa kubeba magunia ghalani. Hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ukaguzi. Njia nzima alikuwa akiiombea kimoyomoyo huku midomo ikicheza, hata abiria wa jirani akadhani anatafuta chenji yake.

Alikuwa ametumwa na Mfuko wa Faraja kwa Vipofu kukagua fedha za tawi la Kasulu.

Mbele ya hoteli ya chai ya Mwajabu alikaa mzee mwenye miwani myeusi, ameshika kamba. Ncha ya pili ya kamba ilikuwa na kitanzi kilichoning'inia hewani, kimo cha paja la mtu, na kamba yenyewe ilikuwa imekazwa. Kitanzi kilishuka mpaka kwenye maganda ya ndizi. Maganda yakaanza kupungua.

"Huyo mbuzi wa nani?" Nestori aliuliza, akivuta kiti.

"Wa mwenyekiti wa vipofu, Mzee Tamimu huyo hapo," alisema Mwajabu, akimimina chai. "Lakini usikae hapo, kaka. Upo nyuma yake kabisa, atakupiga teke."

Nestori alihamisha kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mkaguzi," alisema Tamimu. "Nasikia kalamu zinagongana mfukoni. Umekuja kutuhesabu sisi, au mbuzi?"

"Vitabu, mzee."

"Vitabu! Pole sana. Mbuzi ukimkosa utafuata mavi yake. Kitabu hakina mavi."

Mwajabu alicheka mpaka akamwaga chai.

Ofisi ya tawi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mweka hazina, Bwana Bazilio. Nyumba hiyo ilikuwa imeezekwa kwa bati jipya, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, mtu alilazimika kuikaribia akiwa ametazama chini. Bazilio alikuwa na macho mazima mawili na tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Nestori alipofumba macho kuomba kabla ya kufungua kitabu cha kwanza, Bazilio naye alifumba, na yeye ndiye aliyesema amina kwa sauti zaidi.

Vitabu vilikuwa safi. Mfuko ulikuwa umetuma shilingi 1,440 za kununulia mbuzi ishirini na wanne, kila mmoja shilingi sitini, kwa wanachama ishirini na wanne. Stakabadhi zilikuwa ishirini na nne, za siku moja na mwandiko mmoja. Alama za dole gumba za waliopokea zilikuwa ishirini na nne pia, na hizo Nestori alizitazama moja moja dirishani. Hazikufanana hata mbili. Ila kwenye safu ya maelezo ya mbuzi, kuanzia juu hadi chini, paliandikwa: jike, mweupe, doa jeusi mgongoni, sikio la kushoto limechanika.

"Wote sikio la kushoto?" Nestori aliuliza.

"Mimi naandika ninachokiona, mwalimu."

"Mimi si mwalimu."

"Mtu mwenye kalamu mbili ni mwalimu tu."

Nyuma ya nyumba mbuzi alilia. Nestori aliomba kwenda msalani, na alipopita uani alimwona amefungwa kwenye mgomba: jike, mweupe, doa jeusi mgongoni, sikio la kushoto limechanika.

"Na yule?" aliuliza aliporudi.

"Yule," alisema Bazilio bila haraka, "ni wa mfano."

Kwa siku tatu Nestori alipita nyumba kwa nyumba. Fomu ya Mfuko ilimtaka ahakiki mali zote kwa macho. Nyumba ya kwanza alihakiki kwa macho akapata kamba iliyokazwa, majani ya mhogo yaliyotafunwa na mbuzi sifuri. Alisimama akafikiri. Kisha akapiga magoti, mkao aliouzoea, akafumba macho na kunyoosha mkono. Pua baridi ikagusa kiganja chake. Alipapasa pembe, shingo, mbavu, na sikio la kushoto lililochanika. Alipofumbua macho, mkono wake ulikuwa umeshika hewa. Alipofumba tena, mbuzi alikuwa palepale, anatafuna mkono wa shati. Nestori akaandika: mmoja.

Hadi Ijumaa mchana alikuwa ameandika ishirini na wanne.

Wa mwisho alikuwa wa Winifrida, mjane asiyeona aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akiwa na sufuria na Biblia ambayo alisomewa na wengine. Nyumba yake ilikuwa kuta nne. Paa la nyasi lilikuwa limeanguka mwezi wa Aprili, na tangu hapo alilala jikoni kwa jirani, yeye na mbuzi wake.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwanangu. Kaa. Kigoda kiko kulia, kama mbuzi hajakisukuma."

Nestori alimwomba amweleze siku ile ya kugawa mbuzi ilivyokuwa.

"Tuliambiwa kila mtu aje na kamba yake," alisema Winifrida. "Tukapanga mstari uwanjani. Bazilio anakuletea mbuzi, unamfunga kamba yako, unampapasa kichwa, mgongo, mkia, unaridhika. Unaweka dole gumba. Halafu anakwambia, mama, songa mbele, mpishe mwenzako. Mimi nikamsikia anafungua fundo."

"Ulimsikia?"

"Kwani mimi kiziwi?"

"Na hukusema kitu?"

"Nilitaka kusema. Lakini kamba ilinivuta. Mbuzi wangu alikuwa ameshaanza safari ya nyumbani, ningefanyaje? Nikamfuata."

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Mbuzi mmoja alipitishwa kwenye mikono ishirini na minne, na kila mtu aliondoka na yule aliyempapasa. Watu wa Kasulu waliona vipofu wakitoka uwanjani na kamba zilizonyooka, wakawapisha njia.

Winifrida hakuwa na malalamiko juu ya mbuzi mwenyewe. Usiku alimpa joto. Samadi yake haikuonekana, lakini mchicha uliikubali. Mara moja alikula maharage ya jirani, baraza la kijiji likaketi, na Winifrida akatozwa debe moja la mahindi, kama mwenye mbuzi mwingine yeyote. Shida ilikuwa kumuuza. Alimpeleka mnadani mwezi wa Agosti, akitaka shilingi sitini za miti, nyasi na fundi. Wachuuzi waliambiwa wafumbe macho wapapase. Lakini mchuuzi hafumbi macho mnadani, hasa akiwa na fedha mfukoni. Mmoja alisifu kamba. Akatoa shilingi mbili za kamba.

"Mvua zinaanza lini hapa?" Nestori aliuliza.

"Mwisho wa Oktoba. Na jirani anaoza binti mwezi huo, jiko analitaka."

Nestori aliangalia zile kuta nne. Bati la Bazilio lilikuwa linametameta ng'ambo ya bonde.

"Mama, kuna fedha za mbuzi ishirini na watatu zimelala mahali. Nitaandika. Zikirudi, utapata mbuzi wa kuuzika, uezeke nyumba."

"Andika, mwanangu. Imana iguhezagire, Mungu akubariki. Ila huyu wangu usimfute."

"Simfuti."

Jumamosi nzima alikaa kwenye meza ya pembeni ya hoteli ya Mwajabu akiandika taarifa. Aliomba, akaandika, akakata, akaomba tena. Jioni ilikuwa na mistari mitatu. Mbuzi waliothibitika kununuliwa: mmoja. Mbuzi waliohakikiwa mikononi mwa wanachama: ishirini na wanne. Fedha ambazo hazina maelezo: shilingi 1,380.

Mwajabu, aliyekuwa akifuta meza, alimwomba amsomee.

"Ungeacha ule mstari wa kati," alisema.

"Ule nao ni kweli, dada. Nimewashika kwa mkono huu."

"Sijakataa. Lakini ukiwapa watu wa ofisi kweli mbili, watachukua ile isiyowasumbua."

"Siwezi kwenda mbele za Mungu na kweli moja mfukoni."

"Haya. Mungu ataisoma yote. Mimi nasema habari ya wale wengine."

Nestori alitia saini, akabandika stempu, akapanda basi kurudi Kibondo na moyo mwepesi.

Majibu ya makao makuu yalifika baada ya wiki tano. Yalipigwa taipu vizuri, na Nestori aliyasoma akiwa amesimama. Makao makuu yalimshukuru mkaguzi kwa kazi ya uaminifu. Kwa kuwa mkaguzi mwenyewe alikuwa amehakiki mbuzi wote ishirini na wanne, shilingi 1,380 hazikuweza kuitwa upungufu. Zilikuwa ni matunda ya uangalifu wa mweka hazina. Hakuna tawi lingine nchini lililokuwa limepata mbuzi ishirini na wanne kwa bei ya mmoja. Bwana Bazilio alipewa cheti, na aliombwa aende Kibondo kuanzisha tawi jipya, ambako wanachama thelathini na mmoja walikuwa wakisubiri.

Nestori aliandika barua ya pili, ndefu. Alijibiwa kwa kalenda ya mwaka 1977.

Alikwenda Kasulu kumwambia Winifrida mwenyewe. Mvua ilikuwa imeanza. Jirani alikuwa amelichukua jiko lake kwa ajili ya harusi, na Winifrida alikuwa ameegemeza mkeka kwenye pembe ya kuta zake, amekaa chini yake. Nafasi iliyobaki pembeni yake ilikuwa kavu, na ilipumua.

"Uliandika?" aliuliza.

"Niliandika, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi." Alimsogezea karanga. "Mbona unavuta pumzi hivyo? Kula."

"Nisamehe, mama. Nilikuahidi."

"Nikusamehe lipi? Wote wenye macho wanaopita hapa wanamsalimu mbuzi wangu kwa mbali. Wewe peke yako ulipiga magoti ukamshika. Kula karanga, zinalowa."

Alizila zote. Kabla ya kuondoka alimwachia shilingi kumi na mbili, ambazo ndizo alizokuwa nazo baada ya kutoa nauli. Zilitosha nyasi za upande mmoja.

Bazilio aliwasili Kibondo katikati ya Novemba. Alikaa kiti cha mbele, na yule mbuzi wa mfano alikuwa juu ya basi, kati ya magodoro. Kesho yake asubuhi wasioona thelathini na mmoja walipanga mstari kwenye uwanja wa shule, kila mtu na kamba yake. Barua ya makao makuu ilikuwa imeagiza mkaguzi awepo, kwa hiyo Nestori alipewa kidau cha wino, ashike.

Hakuweza kukishika kimyakimya. Alisogea mbele ya mstari.

"Ndugu zangu," alisema, "nawaambieni mbele za Mungu. Mbuzi ni huyu mmoja tu. Atafunguliwa na kupelekwa kwa mwingine. Fedha za wengine thelathini hazipo hapa."

Bazilio alitazama saa yake kwa upole.

"Tunajua, baba," alisema mzee aliyekuwa wa mwisho kabisa, jina lake Gharibu, mpiga mvukuto wa zamani aliyepofushwa na moto wa kazi yake. "Habari ilifika na basi la juzi. Wewe unao wengine?"

"Sina."

"Basi tia wino. Jua linapanda."

"Na useme tusogee," aliongeza mama mmoja wa katikati. "Hapa nilipo pana siafu."

Nestori alitia wino. Mstari ulisogea. Kamba ilifungwa, mbuzi akapapaswa, dole likawekwa, fundo likafunguliwa, na kamba ikaondoka uwanjani imekazwa. Mbuzi alikuwa amesafiri siku nzima juu ya basi na hakuwa amenyweshwa maji. Alipofika kwa mtu wa ishirini alikuwa anatweta. Kwa mtu wa ishirini na nane miguu ilitetemeka. Alipofika kwa Gharibu alilala chini.

Gharibu alichuchumaa, akafunga kamba, akapapasa.

"Huyu kalala."

"Ndivyo alivyo," alisema Bazilio, akiandika. "Weka dole, mzee."

Gharibu aliweka dole. Bazilio alifungua fundo, akamwinua mbuzi wake kwa pembe, akamkokota hadi kivulini akampa maji. Kisha alijumlisha, akapata thelathini na mmoja, akampa Nestori karatasi ili atie saini kuwa alikuwepo. Alikuwepo. Akatia saini.

Uwanja ulibaki mtupu. Gharibu alivuta kamba, haikuja. Akavuta tena, akambembeleza, akamtukana kidogo.

"Haamki," alisema. "Kwangu ni mbali, baba. Ni baada ya mto."

Nestori alifunga kidau, akakiweka chini. Alifumba macho, akapiga magoti nyasini, akamkuta mbuzi, mbavu zikipanda na kushuka. Alipitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya mapaja, kama alivyokuwa akiokota magunia, akamweka mabegani na kuinuka. Hakuthubutu kufumbua macho, asije akambwaga.

"Sasa mimi sioni njia, mzee," alisema.

"Mimi naijua," alisema Gharibu. Alishika kamba, akatangulia, akimwambia palipo na jiwe na palipo na shimo. Nestori alifuata, akiomba kimoyomoyo, kwa sababu mbuzi alikuwa mzito.