Kitambaa cha Mama Padri

Kina mama wenzangu mliozaa mapadri, nawaandikia mjihadhari. Kile kitambaa msikianike nje.

Kwa asiyejua, mwanangu alipopewa upadri askofu alimpaka mafuta viganjani, kisha mikono ikafungwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho hupewa mama. Akifa huzikwa nacho, ili akiulizwa huko juu amemletea Mungu nini, akionyeshe. Basi nikajua mambo yangu yameiva. Nikakilaza kwenye sanduku la bati, nikawa nalala fofofo. Hata kusengenya nikawa nasengenya kwa amani.

Mwanangu alipokuja likizo nikakitoa kipigwe jua, kisinuke dawa ya mende. Kumbe jirani yangu muuza kuku, tunamwita Redio maana hazimiki, alikuwa uani anachinja. Kisu kikamteleza kiganjani, damu ikawa inachuruzika. Mwanangu akakimbia, akavuta kwenye kamba nguo ya kwanza aliyoiona, akamfunga.

Nikatoka jikoni.

"Baba, umemfunga na nini?"

"Kitambaa, mama."

"Kitambaa kipi?"

Akatazama kamba. "Aa," akasema.

Redio alishonwa, akapona. Nikamwendea kistaarabu.

"Shoga, kile kitambaa nitakifua mwenyewe, usisumbuke."

"Kipi? Mimi nimefungwa na padri kwa mkono wake."

"Ni cha kuzikiwa mimi."

"Basi tutaona nani anatangulia." Akaendelea kunyonyoa kuku.

Nikarudi kwa mwanangu na machozi. "Nenda ukakidai. Wewe ndiye padri."

"Mama, sikupakwa mafuta nikadai nguo. Nilipakwa nifunge watu vidonda, niwaambie Mungu hajawachoka. Kwani tumaini lako ni Yesu aliyefufuka au ni kitambaa?"

"Yesu," nikasema. "Lakini na kitambaa."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa nioneni. Redio akikohoa tu, nimeshafika na maji ya moto. Akibeba ndoo, namnyang'anya. Kliniki ya presha nampeleka mimi, na vidonge nasimama hapo mpaka ameze, maana akitangulia huyu, kitambaa kimekwenda. Jumapili namshika mkono mpaka kanisani, ambako zamani alikuwa hakanyagi. Watu wanasifu, eti Mama Padri ana moyo wa huduma. Mwanangu anatabasamu tu, kama mtu aliyefanikiwa kuuza kuku mgonjwa.

Juzi tumekaa uani, Redio akaniambia, "Shoga, mbona unakonda kwa kunikimbilia? Tufanye hivi. Atakayetangulia akae nacho mlangoni, amngoje mwenzake. Tuingie tumekishika wote, wewe pembe hii, mimi ile."

Nikafikiri. Nikamwambia pembe yenye doa la damu ashike yeye.

"Sawa," akasema.

"Na usiharakishe," nikamwambia.

Kwa hiyo nasema tena, anikeni ndani.